Ukimpigia Maulid, Usimsalimie

Stechford,
Birmingham,
Uingereza.

Jumapili, 9 Februari 2025

Mpendwa wifi yangu Bi Kijakazi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, na shikamoo yako juu yake, ingawa najua hivi sasa umenikunjia uso. Pokea kwanza salamu, kisha endelea kununa. Vipi hali yako? Vipi goti? Ile dawa ya kuchua niliyoituma ilikufika, au imeishia kwa majirani kama ile ya mwanzo? Na Ussi mwanao hajambo? Makunduchi yote hawajambo? Huko najua joto limekaza, mnalala madirisha wazi. Huku tumeziba mpaka upenyo wa chini ya mlango, kwa taulo.

Ukitaka kujua hali zetu, hapa ndipo ninapotakiwa niandike kwamba sisi sote wazima, hatuna wa kushukuru ila Mungu. Siandiki, wifi. Nimekuwa nikikuandikia hivyo kwenye simu tangu Oktoba, na ndiko kulikotufikisha hapa tulipo.

Nakuandikia karatasi kwa sababu simu yako ina masikio ya nyumba nzima. Nikikutumia sauti unaifungulia uani, wapara samaki wanasikia, na kabla ya magharibi imeshafika mpaka Paje. Barua hii anakuletea Bi Biubwa, yule wa Great Barr, anaondoka Ijumaa. Vaa miwani, ingia chumbani, soma mwenyewe. Umesomesha watoto wa watu miaka mingi, hutashindwa na mwandiko wangu.

Jambo lenyewe ni hili. Alhamisi umetuma sauti kwenye kundi la familia, ukasema Ussi ameshapata viza na tiketi, anakuja kabla ya Ramadhani kumchukua mjomba wake, ili afunge kwao, kwa watu wanaomtaka. Ukasema umezungumza na Maulid mwenyewe, mzima, sauti ileile, na kwamba kakwambia kwa kinywa chake kuwa mimi ndiye ninayemzuia. Na ukasema nimemfungia ndani kama kuku. Nilikuwa kwenye basi natoka kazini Northfield. Wallahi nilishuka kituo kisicho changu, nikasimama kwenye mvua nisijue naelekea wapi.

Nakuomba Ussi asipande ndege mpaka uwe umeisoma barua hii hadi mwisho. Baada ya hapo ukisema aje, na aje.

Nianze na siku ile, maana hujawahi kuisikia kwangu, umeisikia kwa watu tu. Ilikuwa Jumamosi mchana, mwezi ule wa Oktoba. Maulid alikuwa jikoni anamenya muhogo, na anautania, anasema muhogo wa Birmingham umepanda ndege mara nyingi kuliko yeye. Kisu kikamponyoka. Akageuka, akaniambia kitu nisichokielewa, maneno yamelegea kama ya mlevi. Nami nikacheka! Unamjua ndugu yako kwa kuigiza watu. Nikadhani anamwigiza yule bwana wa ghorofa ya chini anayerudi kila Ijumaa akigonga milango ya wenziwe.

Wanu ndiye aliyeinuka. Akamwambia, Baba, nyanyua mikono yote miwili. Wa kushoto ukapanda, wa kulia ukabaki palepale ubavuni. Walifundishwa skuli. Akapiga simu ya ambulensi yeye mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha mbiombio, na mimi mama mtu nimekumbatia bakuli la muhogo tu, siwezi hata kusema anuani ya nyumba yangu.

Hospitali tulimkuta daktari mmoja Singasinga, Daktari Gurbachan, mtu mpole, akizungumza anasubiri uelewe ndipo aendelee. Akanionesha picha ya kichwa kwenye kioo. Upande wa kushoto, ndani kabisa, doa jeupe la ukubwa wa limau. Akasema hiyo ni damu. Presha imepasua mshipa mdogo, damu imemwagika ndani ya ubongo, imeganda pale na inaubana. Presha yenyewe, wifi, ni ileile aliyokuwa akisema haimuumi kwa hiyo hana.

Akanieleza kwamba kumfungua kichwa kizima hashauri, kwa sababu damu iko mbali, na kuifuata kwa kisu ni kuharibu vilivyo vizima njiani. Kumwacha na dawa tu nako anaogopa, kwa jinsi alivyokuwa akizidi kuzama. Lakini wao wana operesheni ya tundu dogo. Wanatoboa tundu moja, wanapitisha mrija mwembamba wenye kamera kwenye ncha, kompyuta inawaonesha pa kupita, kisha wanainyonya ile damu iliyoganda, taratibu. Na alisema waziwazi, nisije nikamsingizia, kwamba njia hii bado inachunguzwa na si kila mgonjwa inamfaa. Inaweza kumsaidia abaki hai. Usemi hawezi kuuahidi, kwa sababu pale damu ilipomwagikia ndipo maneno yanapotengenezewa.

Nikakupigia. Unakumbuka ulivyonijibu? "Kichwa cha mtu si dafu, mtoboe mnyonye!" Ukakata. Ukapiga tena, ukasema asiguswe mtu, arudishwe kwao asomewe. Wifi, mtu alikuwa anakoroma kitandani na haamki hata akifinywa. Ningempandisha ndege gani? Ningemkalisha kiti gani?

Nilitia saini. Nilitia mimi, Thuwaiba, kwa mkono wangu, na wakiniuliza tena kesho nitatia tena. Kama ni hilo uliloniwekea moyoni miezi yote hii, basi liweke vizuri, lakini usiongeze jingine juu yake.

Alitoka na bandeji ndogo tu, ningeweza kuifunika kwa kiganja. Mimi nilikuwa nimejitayarisha kuona kichwa kimeshonwa kama mpira wa zamani. Leo kovu lenyewe ukitaka kulionyesha lazima umvue kofia. Na baada ya siku chache akafumbua macho, akanitazama, akanijua. Nilimwona amenijua. Nilipiga sijida palepale, kwenye sakafu ya hospitali, kati ya waya na waya.

Sasa, wifi, kaa vizuri. Maulid hazungumzi.

Nakusikia ukisema, "Mwongo mkubwa we! Nimezungumza naye mwenyewe." Ngoja. Hukudanganywa wewe peke yako. Pale wodini kulikuwa na nesi mmoja Mkenya, Mumbua, binti wa Kikamba, mchapakazi. Siku ya kwanza alimwambia, "Habari yako, mzee?" Maulid akamjibu, "Nzuri sana." Mumbua akaruka! Akamuuliza, umelala vipi mzee wangu, akajibiwa, "Salama, alhamdulillah." Akamwita daktari, akamwita na mwenziwe, mzee anaongea, mzee anaongea! Mimi nalia kwa furaha. Kisha akamuuliza, "Unasikia uchungu wapi, mzee?" Akajibu, "Nzuri sana." Akamuuliza kama ana kiu. "Nzuri sana." Akamuuliza jina lake. "Nzuri sana, alhamdulillah." Nikamwona Mumbua uso unamshuka, akajifanya anapanga mashuka.

Kuna mama anayekuja kumfundisha usemi, anaitwa Fiona. Yeye ndiye aliyenifahamisha. Anasema maneno tuliyoyasema maisha yetu yote bila kufikiri, salamu, dua, kuhesabu, hayo yamewekwa kwingine, yanatoka yenyewe kama mtu anavyopiga chafya. Alhamdu anaisoma yote, wifi, mpaka amin, hakosei hata herufi, na sauti ni ileile uliyomfundishia wewe. Moja mpaka kumi anahesabu. Lakini maji hawezi kuyataja. Mimi hawezi kunitaja. Akitaka kijiko anasema inshallah, akitaka mto anasema inshallah, na mimi nashika kila kilichomo chumbani mpaka nipate anachokitaka, au achoke, ageukie ukutani.

Fiona alishangaa. Akaniuliza, kwani salamu zenu nyinyi ni ndefu kiasi gani? Wagonjwa wake Waingereza wanabakiwa na "hello" na "fine" na tusi moja au mawili, basi, na mara moja inajulikana kwamba hakuna kitu. Huyu wetu anaweza kwenda na mtu mwendo mrefu na mtu asishtuke. Nikamwambia, mama, kwetu unaweza kusalimiana na mtu kutoka msikitini mpaka mnapoagana, na hamjaambiana kitu.

Haya, sasa ikumbuke simu yako ya juzijuzi. Nilikuwepo, nilimshikia mimi mwenyewe. Ulisema, Maulid! Akasema, naam dada, shikamoo. Ukasema, marahaba, hujambo? Sijambo. Umeamkaje? Salama. Wanao? Hawajambo. Majirani? Wazima. Unatukumbuka lakini? Alhamdulillah. Ukacheka, ukasema sauti imerudi. Nikataka kuingilia, ukaniambia nikupishe uzungumze na ndugu yako. Ukamuuliza, utarudi lini kwenu? Inshallah. Ukamuuliza, au mkeo anakuzuia? Naye akakwambia, "Naam dada, alhamdulillah."

Naam dada, alhamdulillah! Hivyo ndivyo nilivyohukumiwa.

Ulipokata simu hukumwona. Mimi nilimwona. Anaelewa kila kitu, wifi, hilo ulijue. Masikio ni mazima, akili nzima, aibu nzima. Aliyasikia uliyoyauliza na aliyasikia aliyoyajibu. Alipiga mdomo wake kwa mkono wa kushoto, pa, pa, mpaka nikaushika mkono. Sijamwona Maulid akilia tangu alipozikwa baba yenu.

Na kabla hujasema mrija ndio ulionyonya maneno yake, nakwambia nilivyoambiwa na daktari. Iliyoharibu ni damu, na ilishaharibu pale jikoni, kisu kilipoanguka. Mrija ulikuja kuitoa. Watu wa uani waeleze hivyohivyo.

Sasa lile la kufungiwa. Ni kweli namfungia. Sikatai. Tunakaa ghorofa ya pili, lifti hakuna, na kiti chake cha magurudumu kimefungwa mnyororo chini ya ngazi, kwa sababu hakuna wa kukipandisha wala wa kumshusha yeye. Siku moja nilitoka kununua maziwa tu, nikarudi nikamkuta kwenye kidato cha juu kabisa cha ngazi, ameketi, mguu mmoja umetangulia, kijasho kinamtoka. Angeporomoka mpaka chini. Tangu siku hiyo nikitoka nageuza ufunguo, na ufunguo wa pili anao jirani yangu Sirad, Msomali, anakuja kumwangalia. Kila nikigeuza ule ufunguo nasikia mlio wake mpaka tumboni. Halmashauri wametuandika foleni ya nyumba ya chini. Foleni haisogei.

Hajakanyaga ardhi tangu alipoletwa na watu wa ambulensi. Anakaa dirishani anatazama treni zinavyosimama Stechford na kuondoka. Chai haruhusiwi kuinywa nyepesi, itampalia, kwa hiyo natia unga maalumu mpaka inakuwa nzito kama uji wa mtoto, na yeye anaitazama, ananitazama, halafu anakunywa. Unajua Maulid na chai.

Nami niko humuhumu pamoja naye. Nakwenda Northfield nawaosha wazee wa watu, nawageuza, nawalisha, nawaambia maneno mazuri. Narudi Stechford namuosha mume wangu, namgeuza, namlisha, na maneno mazuri yameniishia. Usiku nalala sikio moja liko wazi. Wanu ana mitihani mwaka huu, anasomea chooni kwa sababu ndiko kunakofungika. Namzungumzisha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, baba yake anajibu inshallah. Nyumba ina watu watatu na sina wa kuzungumza naye.

Wacha niishie hapa kwa leo, ananiita. Ananiita kwa kugonga ukuta.


Jumatano, 12 Februari

Wifi, nilitaka kuifunga barua Jumapili ileile. Nashukuru sikuifunga, maana leo kumetokea jambo, na nisipokuandikia nitakuwa nimekudhulumu.

Fiona amekuja asubuhi. Nikamsimulia habari ya Ussi na tiketi. Akaniuliza swali dogo tu. Yeye mwenyewe Maulid anataka nini?

Nikamwambia, nimuulizeje? Nikimwambia unataka kwenda kwenu anasema naam. Nikimwambia unataka kubaki anasema naam. Naam ni neno lake la adabu, atakupa hata ukimuuliza kama yeye ni ng'ombe. Fiona akasema usimuulize kwa maneno yatakayomvuta ajibu. Mwekee picha mbili mezani, mkono wa kushoto upo, halafu nyamaza. Basi! Njia nyepesi namna hiyo, na alishanionesha zamani, kwa uji na mkate. Kwa jambo hili sikutaka kuijaribu.

Wanu akachapisha picha mbili kutoka kwenye simu. Moja ni nyumba yako, ile ya Idi, ukuta umepakwa chokaa mpya na wanaume wamejaa barazani, Ussi yumo, Mzee Haji yumo. Nyingine ni sebule yetu hii na kiti chake cha dirishani. Nikaziweka mbele yake. Nikamwambia, Maulid, Ramadhani hii wapi? Nikafunga mdomo.

Aliichukua ya kwenu. Wala hakusita. Akaiinua, akaiangalia karibu kabisa na macho, akaibana kifuani. Nikasema moyoni, ndiyo hivyo, kwaheri. Nikahisi kitu kimenishuka mabegani, kama mtu aliyetuliwa mtungi. Nitakwambia baadaye ni kitu gani.

Kisha akairudisha mezani. Akaweka kidole juu ya wale wa barazani, mmoja baada ya mmoja, mpaka wakaisha. Halafu akakiweka kidole midomoni kwake. Akatikisa kichwa. Akaigeuza picha ikalala kifudifudi, akaweka kiganja chake chote juu ya ile ya sebule yetu, akakiacha hapo.

Fiona akasema tuzichanganye, tumwekee tena, asije akawa amekosea. Akafanya vilevile. Mara ya tatu alikasirika, akazisukuma zote zikaanguka chini, ila ile ya sebule aliishika.

Unaelewa, wifi? Mimi nilielewa palepale. Ndugu yako alikuwa nani pale barazani? Si ndiye aliyekuwa akiwachekesha mpaka watu wanachelewa swala? Leo umkalishe pale, kila apitaye amwambie hujambo Maulid, naye sijambo. Habari za Ulaya, salama. Na mtu akae, asubiri kisa, kisa kisije. Kila siku, kila mpita njia. Huku hapana anayemsalimia. Watu wa Birmingham wanakutazama, wanatazama mawingu, wanapita zao. Tulipofika nililia kwa ajili hiyo, nilisema hawa ni watu au miti? Sasa yeye ndiko alikojificha.

Basi Ussi asije. Si mimi ninayemzuia Maulid, ni Maulid. Kama huniamini nitakupigia simu ya picha, uone kiganja chake mwenyewe kilipo. Na ukipiga simu, naomba sana, najua ninalokuomba ni kubwa kwa mtu wa kwetu, tena kwa mkubwa wangu: usimsalimie. Usimwambie hujambo, usimuulize ameamkaje. Ukimsalimia unamtia kwenye mtego, anaanza kujibu na hawezi kutoka. Anza tu. Mwambie nani kaolewa, nani kagombana na nani kisimani, mbuzi wa nani kala mkeka wa nani. Kicheko chake hakikuguswa, wifi. Anacheka panapochekesha, vilevile kama zamani. Mpe acheke, usimdai jibu.

Sasa lile nililosema nitakwambia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeyaficha yangu vya kutosha.

Aliposhika picha ya kwenu akaibana kifuani, nilifurahi. Nilifurahi kwamba anaondoka. Matusi yako yote yale kwenye kundi, hasira zangu zote kwenye basi, na kumbe ndani yangu kuna mtu aliyekuwa akiomba Ussi aje haraka. Kwamba nitalala siku moja nimelala. Kwamba nitatoka nisigeuze ufunguo. Na alipoweka kiganja kwenye sebule yetu nililia, na Fiona akanikumbatia, akadhani nalia kwa furaha kwamba mume kanichagua. Maulid hakudhani. Alinitazama, wifi. Yeye maneno yamemtoka lakini macho yake yanasoma.

Nampenda. Usije ukasoma ukadhani simpendi. Nimechoka. Haya ni mambo mawili na yote yamo ndani yangu, yamejibana humu kama sisi tulivyojibana ndani ya vyumba hivi.

Nisalimie shemeji, mumeo, na mwambie sijasahau kikoi chake. Nisalimie Mzee Haji, na Bi Mtumwa wa nyumba ya pili, na wanawe wote pamoja na yule aliyezaliwa juzi ambaye hamjaniambia jina. Ussi mwambie mke wa mjomba wake hana kinyongo naye, na tiketi aizungumze na waliomuuzia. Wanu anakupa shikamoo, amejifunza kuiandika. Mwenyezi Mungu akupe afya ya goti na ya moyo, atufikishe sote Ramadhani, atutakabalie, na amfungulie Maulid pale palipofungika, na mimi pamoja naye.

Na sasa ombi langu, ndilo lililonifanya nishike kalamu tena leo. Njoo wewe. Najua umeapa hutakanyaga nchi ya baridi. Kafara ya kiapo utafunga. Wewe ndiye uliyemlea Maulid akiwa hana mama, wewe hakuonei haya. Aliyempatia Ussi viza hashindwi na yako. Utalala na Wanu, chumba nimeshakipanga, na nimekununulia soksi. Kumchukua, usije kumchukua. Njoo tu, panda hizo ngazi pole pole na goti lako, nikufungulie mlango, unitazame, halafu uniambie: Thuwaiba, niachie mimi, nenda kalale.

Ndimi wifi yako, ninayekupenda hata ukininunia,

Thuwaiba